Mvumo, Mwangwi na Mionzi: Istilahi katika Habari ya Mwanasayansi Mmoja

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, sehemu kubwa ya kazi ya istilahi imefanywa kwa njia ya orodha: neno la kigeni upande mmoja, la Kiswahili upande wa pili. Ndivyo vilivyokuwa vijitabu vya Tafsiri Sanifu, na ndivyo ilivyo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990. Hatuna ugomvi na orodha. Ila orodha ina udhaifu wake: neno likikaa peke yake katika mstari wake haligombani na jirani yake. Ugomvi huanza pale mtafsiri anapotakiwa kuandika habari nzima, ambamo maneno kumi ya fani moja hukutana katika aya moja na kila moja ladai nafasi yake.

Katika makala haya tumeyapima maneno ya fani moja kwa jinsi hiyo. Fani yenyewe ni ile ichunguzayo viini vya atomu kwa sumaku kubwa na mawimbi ya redio. Habari tuliyoichagua ni ya kazi ya Richard Ernst, mkemia wa Uswisi aliyezaliwa Winterthur mwaka 1933 na kufariki mwaka 2021, ambaye alipewa peke yake Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1991. Na msomaji tuliyemweka mbele yetu ni wa Haneti, katika Wilaya ya Chamwino, kaskazini ya Dodoma. Hatukumchagua kwa kubahatisha, kama itakavyoonekana.

Mtu wa Haneti hakutani na fani hii kwanza kitabuni. Hukutana nayo katika karatasi ya daktari. Ameumwa mgongo miezi mingi, au ameanza kuanguka kifafa ukubwani, naye anaelekezwa aende Dodoma mjini akapigwe picha ya MRI. Herufi hizo tatu hazimwambii kitu. Akiuliza, yumkini ataambiwa kuwa ni kipimo cha mionzi, kwa kuwa mashine imo katika idara iitwayo ya mionzi. Kifizikia hatuwezi kusema kwamba jibu hilo ni uongo mtupu, maana mawimbi ya redio nayo ni mnururisho. Lakini masikioni mwa watu mionzi ni eksirei, kitu ambacho mama mjamzito huonywa nacho. MRI haina mionzi ya namna hiyo. Hatari yake iko kwingine kabisa, iko katika sumaku. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, na fundi aliyewahi kurukiwa na chembe ya chuma jichoni alipokuwa akichomelea geti, hao ndio wanaopaswa kusema mapema, nao hawatajua kwamba wanapaswa kusema ikiwa neno waliloambiwa limewapeleka kufikiri juu ya eksirei. Ukimtajia mtu mionzi, atakujibu habari ya mimba. Ukimtajia sumaku, atakumbuka chuma. Kwa sababu hii suala letu halikomei katika usanifu wa lugha.

Sasa tumwendee Ernst. Alipokuwa mvulana wa miaka 13 alikuta darini kwao sanduku la kemikali lililoachwa na mjomba wake aliyekwisha kufariki, akaanza kuzichanganya, na nyumba ikanusurika. Akasoma kemia katika chuo kikuu cha ufundi cha Zurich, akamaliza shahada ya udaktari mwaka 1962. Hadi hapa mtafsiri hana taabu. Taabu huanza katika sentensi inayofuata, inayotaka kusema alichokisomea.

Jambo alilolisomea lilikuwa changa. Isidor Rabi alilionyesha mwaka 1938 katika miali ya molekuli iliyokuwa ikipita ndani ya ombwe. Mwaka 1946 makundi mawili ya Marekani, yasiyoshirikiana, yalitangaza kuwa yameliona katika vitu vya kawaida: Edward Purcell na wenzake katika nta ya mafuta ya taa, Felix Bloch na wenzake katika maji. Yafaa watafsiri wetu wajue kwamba hata hao wenyewe hawakukubaliana juu ya jina. Bloch aliliita kwa neno lenye maana ya kuamsha umeme kwa sumaku, kwa kuwa yeye aliisikiliza koili iliyozunguka maji. Purcell alisema habari ya ufyonzaji wa nishati, kwa kuwa yeye alipima kilichopungua. Wote wawili walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1952, na jina lililobaki mezani halikuwa la Bloch. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba lugha za wenzetu zilizaliwa na maneno haya mdomoni.

Jambo lenyewe ni hili. Kiini cha hidrojeni kina tabia ya sumaku ndogo, tena ni kama pia inayozunguka. Kikiwekwa ndani ya uga wa sumaku wenye nguvu, huyumba kama pia iyumbavyo kabla ya kuanguka, na kasi ya kuyumba huamuliwa na nguvu ya uga. Katika mashine ya tesla 1.5, kama zilivyo nyingi za hospitali, huyumba karibu mara milioni 64 kwa sekunde. Wimbi la redio lenye marudio hayohayo likipelekwa, kiini hulipokea. Lenye marudio mengine hupita kana kwamba hakuna kitu. Kulingana huku ndiko kunakotafutiwa jina.

Kuna watafsiri wanaosema ‘mwangwi wa sumaku’. Neno hili linapendeza sikioni, na bila shaka ndiyo sababu limepokewa haraka. Hata hivyo, sisi tunalikataa, na sababu zetu ni mbili. Kwanza, mwangwi ni sauti iliyogonga mlima ikarudi. Haichagui, kila sauti ikipigwa vizuri hurudi. Picha ya hospitali inayotokana na mwangwi kweli ipo, nayo ni ya altrasaundi, ambayo hupeleka sauti mwilini na kuipokea inaporudi. Tukiupa mwangwi kazi ya sumaku, tumeinyang'anya altrasaundi neno lililo lake kwa haki. Pili, na hili ndilo zito zaidi, mwaka 1950 Erwin Hahn aligundua kwamba viini vikipigwa na wimbi mara mbili, kwa kuachiana muda, huja vyenyewe kutoa ishara ya tatu baada ya muda uleule. Jambo hilo aliliita mwangwi, na kwa haki. Ni mwangwi hasa, na mashine za leo hupiga picha kwa kutumia mbinu hiyo kila siku. Basi mtafsiri aliyekwisha kuutumia mwangwi kwa jambo la kwanza atafanya nini afikapo kwa Hahn? Ataandika ‘mwangwi wa mwangwi’. Katika orodha aibu hii haionekani. Katika habari ya maisha ya mwanasayansi wa miaka ya 1960 hujitokeza katika ukurasa wa pili.

Tumwulize sasa msomaji wetu wa Haneti. Katika nchi ya Ugogo iko ala ya muziki iitwayo ilimba, sanduku la ubao lenye ndimi nyingi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba. Marehemu Hukwe Zawose, mwenyeji wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, aliifanya isikike hata Ulaya. Katika ilimba kubwa ndimi nyingine hazipigwi kabisa. Zimewekwa pale na kulinganishwa sauti na zile zinazopigwa, na ule unaolingana nao unapoguswa, nazo huvuma zenyewe. Zisizolingana nao hukaa kimya. Hili ni jambo lilelile la Rabi na Purcell, tofauti ni kwamba hapa ni chuma na hewa, kule ni kiini na wimbi la redio. Mgogo mpiga ilimba amekwisha kulijua kwa vidole vyake. Linalokosekana ni mtafsiri kumwomba neno.

Neno tunalolipendekeza ni mvumo. Tunajua upungufu wake. Upepo huvuma, nyuki huvuma, ngoma huvuma, hata sifa ya mtu huvuma, na katika hayo yote hakuna mwenzi anayelinganishwa naye. Kwa hiyo katika kulitaja mara ya kwanza mwandishi na aseme ‘mvumo wa kuitikia’, kisha aendelee na mvumo peke yake. Wako wanaotaka tuseme mwitiko moja kwa moja. Lakini walimu wa biolojia wamekwisha kulichukua neno hilo kwa habari ya mnyama anayejibu kichocheo, na si vema kuwavuruga. Wako pia wanaosema tuchukue ‘rezonansi’ na tumalize kazi. Neno la kukopa lina faida zake, lakini hili lina kilema: halina kitenzi. Habari ya Ernst imejaa vitenzi. Viini vinavuma, wimbi linavivumisha, hiki kinavuma kabla ya kile. Mwenye ‘rezonansi’ atalazimika kuandika ‘vinafanya rezonansi’ mara arobaini, au athubutu ‘kurezonansika’, na hapo tumwombee. Aidha, mvumo unakubali kuongezewa. Yevgeny Zavoisky alipolipata jambo hili katika elektroni, mjini Kazan mwaka 1944, ulikuwa ni mvumo wa elektroni. Kwa viini ni mvumo wa viini. Msomaji hahitaji kufundishwa upya.

Hapa tumelifikia neno la pili, nalo ni kiini. Kiingereza kiliwahi kuwa na neno la nyuklia katika jina kamili la kipimo hiki, na katika miaka ya 1980 madaktari wakalifuta katika jina la picha, kwa kuwa wagonjwa walilisikia wakafikiri juu ya bomu. Tazama basi bahati yetu. Katika Kiswahili kiini ni cha yai, ni cha habari, ni cha atomu, hakijalipua mji. Tukisema ‘mvumo wa viini’ hatumtishi mtu. Lakini mtafsiri afuataye Kiingereza hatua kwa hatua ataandika ‘nyuklia’ pale walipoandika zamani, kisha alifute pale walipofuta, na hivyo atakuwa amekopa hofu pamoja na dawa yake. Tunasema pasipo kusita kwamba nyuklia libaki kwa silaha na vinu vya umeme.

Mwaka 1963 Ernst aliondoka Zurich akaenda Palo Alto, California, kufanya kazi katika kampuni ya Varian iliyotengeneza mashine za fani hii. Huko, pamoja na Weston Anderson, alifanya jambo lililobadilisha kila kitu. Ili kulieleza yatupasa kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1950 wanafizikia walikuwa wametambua, tena kwa kuudhika, kwamba kiini kilekile hakivumi mahali pamoja katika kila kampaundi. Elektroni zinazokizunguka hukikinga kidogo na uga wa sumaku, kwa hiyo mvumo wake husogea. Mwaka 1951 ilionyeshwa huko Stanford kwamba ethanoli, alkoholi ileile iliyomo katika gongo, hutoa mistari mitatu kwa uwiano wa 3 kwa 2 kwa 1, kwa sababu hidrojeni zake zimekaa katika vikundi vitatu. Kilichokuwa kero kwa mwanafizikia kikawa hazina ya mkemia. Jambo hili tunaliita ‘msogeo wa kikemia’. Neno la Kiingereza lililo nyuma yake lina maana mbili, nasi tunamwogopa mtafsiri wa haraka, au mashine ya kutafsiri, itakayotuandikia ‘zamu ya kikemia’ kana kwamba hidrojeni ni walinzi wa usiku.

Kabla ya Ernst mistari hiyo ilitafutwa mmoja mmoja kwa kupitisha marudio polepole, kama mtu anayegusa ndimi za ilimba moja baada ya nyingine asikie ipi inavuma. Ernst aliupiga mpigo mmoja mfupi wenye nguvu uliogusa zote kwa pamoja, akazisikiliza zikivuma na kufifia, kisha akaitumia hesabu ya Mfaransa Fourier, kwa kompyuta, kuzitenganisha. Muda ulipungua mno, na vitu vidogo visivyopimika vikapimika. Makala aliyoyaandika na Anderson yalikataliwa mara mbili na jarida kubwa la fizikia ya kemia kabla ya kuchapishwa kwingine mwaka 1966. Mtafsiri asiruke habari hii; inasomesha kuliko tuzo.

Neno ‘marudio’ tumelitumia kwa makusudi. Wengi husema ‘masafa’, kwa mazoea ya redio. Lakini masafa ni umbali, na wazee wanaokumbuka ‘masafa mafupi’ ya redio wajue kwamba ufupi ule ulikuwa wa wimbi. Wimbi likiwa fupi marudio yake huwa mengi. Mwalimu anayeandika ubaoni kwamba masafa mafupi yana masafa makubwa amejichimbia shimo mwenyewe.

Msomaji aweza kuuliza, haya ya Uswisi na California yanatuhusu nini. Tumjibu kwa mfano wa hapa nchini. Profesa Mayunga Nkunya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye baadaye alikuwa Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, alitumia miaka mingi kuchunguza kemikali za mimea yetu, hasa ya jenasi Uvaria. Pamoja na wenzake, akiwemo mtaalamu wa mimea Leonard Mwasumbi, alichapisha mwaka 1990 na 1991, katika jarida Planta Medica, habari za mimea ya Tanzania yenye nguvu dhidi ya vimelea vya malaria. Katika kazi ya namna hiyo mkemia huutoa mchanganyiko katika mizizi au magome, huutenga hadi abaki na kitu kimoja, kisha hutaka kujua kitu hicho kimeundwaje. Hapo ndipo mvumo wa viini unapoamua. Mistari husomwa, misogeo hupimwa, na umbo la molekuli hujulikana. Makala yale yaliandikwa kwa Kiingereza, kama yalivyopaswa. Lakini mganga wa kijijini, au afisa misitu wa wilaya, akitaka kujua kilichoonekana ndani ya mti anaoufahamu, atasomewa nini?

Tujaribu. Mtafsiri wa orodha ataandika: ‘Mwangwi wa nyuklia wa sumaku ulidhihirisha zamu za kikemia za hidrojeni.’ Sisi tungeandika: ‘Viini vya hidrojeni vilipovumishwa ndani ya sumaku, misogeo ya mivumo yake ilionyesha kila hidrojeni imekaa karibu na nini.’ Sentensi ya pili ni ndefu zaidi. Haina hata neno moja ambalo afisa misitu hawezi kulielezea nyumbani kwake.

Ernst alirudi Zurich mwaka 1968. Mwaka 1971, katika mafunzo ya kiangazi huko Yugoslavia, Mbelgiji Jean Jeener alitoa wazo la kupiga mipigo miwili na kubadili muda ulio kati yake, na kutokana nalo Ernst na wanafunzi wake walijenga ramani za mvumo zenye pande mbili. Kwa ramani hizo Kurt Wüthrich, aliyekuwa chuo hichohicho, alifikia maumbo ya protini, naye akapata Nobel mwaka 2002. Sehemu hii ya habari haina shida ya maneno, ‘ramani’ yatosha.

Shida ya namna nyingine, tena ya kuchekesha, imo katika mwaka 1973. Paul Lauterbur, wa kwanza kuchapisha picha iliyopigwa kwa mvumo, aliupa ugunduzi wake jina la Kigiriki lenye asili ya nira, kwa kuwa nyuga mbili zilifungwa pamoja kama ng'ombe wa jembe. Jina lilikuwa la kitaalamu, lenye adabu zote, tena la mvumbuzi mwenyewe. Ernst na wenzake walilipokea na kulitia katika kichwa cha makala yao ya mwaka 1975. Na lilikufa. Lauterbur na Peter Mansfield walipopewa Nobel ya Tiba mwaka 2003, hakuna hospitali iliyolitumia. Wanaodhani kwamba istilahi hudumu kwa kuwa imetungwa na mwenye mamlaka wautafakari mfano huu. Nasi twaliona gumu kwa mtafsiri: akiandika habari ya mwaka 1975 hapana budi alitaje jina lile lililokufa, na neno ‘nira’ litamfaa zaidi kuliko Kigiriki kilichoandikwa kwa herufi zetu.

Juu ya spektroskopia hatuna la kugeuza. Limezoeleka, lina umbo la Kiswahili, na halifungwi na sumaku. Ernst huyuhuyu, aliyependa mno picha za kale za Tibet, alitumia spektroskopia ya mwanga kuchunguza rangi zake. Anayetaka kulitafsiri kwa neno lenye sumaku ndani yake atakwama hapo. (Habari za tuzo, tuseme kwa kupita, zilimkuta angani ndani ya ndege iliyotoka Moscow kwenda New York.)

Limebaki neno moja, nalo linaturudisha Haneti. Kiini kilichovumishwa hakivumi milele; hurudi katika hali yake, na muda huo hupimwa. Katika maji safi huchukua sekunde kadhaa, na hilo huchosha wapimaji. Bloch alitia chumvi ya chuma katika maji yake ili kuupunguza. Leo chupa ya kujaribia mashine iliyowekwa na Chuo cha Radiolojia cha Marekani hujazwa maji yenye chumvi ya kawaida na kloridi ya nikeli, kwa kuwa atomu za nikeli ni sumaku ndogo zinazovihimiza viini kurudi upesi. Nikeli ndiyo inayolipa rangi ya kijani jiwe la krisoprasi, ambalo wafanyabiashara wa vito wanaijua Haneti kwa ajili yake, na katika miaka ya karibuni madini hayo yametafutwa katika vilima vyake. Mwalimu wa huko anaweza kulishika jiwe hilo mbele ya darasa anapoieleza chupa ile. Na muda huo wa kurudi auite ‘muda wa kutulia’, si ‘muda wa mapumziko’ kama tunavyoogopa kwamba utatafsiriwa, maana mapumziko kwa wanafunzi wake ni saa nne asubuhi, kengele inapogongwa.